Shangazi Anajibu: "Je, Ni Mimi Peke Yangu Nisiyefurahia?"

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kiume wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Kampala. Kwetu ni Arua, na ninaishi hosteli huku Kikoni. Wavulana wa darasa letu tuna kundi la WhatsApp lililoanzishwa kwa ajili ya masomo, lakini muhula huu limegeuka kuwa mahali pa kuweka picha za wasichana tunaosoma nao, ambazo hupewa alama kati ya moja na kumi kwa kuangalia maumbile. Nyingine hupigwa kwa siri ndani ya ukumbi wa mihadhara. Mimi hutuma vikatuni vya kicheko kama wenzangu, kisha nazima simu nikiwa na moyo mzito, kwa sababu mmoja wa wasichana hao hujisomea nami kila Jumamosi. Nikisema neno nitaitwa mshamba. Je, wenzangu wote wanaona jambo hili ni la kawaida?
Mwanafunzi, Kikoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalokufunga mdomo. Umewahesabu wenzako kuwa wanafurahia kwa kuwa unaona wanacheka. Lakini wao nao wanakiona kicheko chako, na kwa kipimo hicho hicho wamekuhesabu wewe kuwa miongoni mwa wanaofurahia.

Mwaka 2003 watafiti watatu, Lambert, Kahn na Apple, walichapisha uchunguzi wao kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha Virginia, Marekani, na mahusiano ya kimwili ya kupita tu, yasiyo na ahadi. Wavulana kwa wasichana walidhani kwamba wenzao wanaridhika na mambo hayo kuliko wao wenyewe walivyoridhika. Virginia si Wandegeya yetu ya Kampala, wala sidai kwamba ya kule yanahamia huku yalivyo. Hata hivyo hali hiyo naitambua, maana wanafunzi wanaoniandikia kuhusu picha, mavazi na sherehe za hosteli hawaachi kutaja "wenzangu wote", na kila mmoja hujiona yuko peke yake.

Kuvutiwa na msichana si kosa, na sikuandikii ili uone haya kwa kuwa kijana. Kosa liko katika ile alama. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2007 kuhusu wasichana, kilieleza kwamba mojawapo ya njia za kumdhalilisha mtu ni kuifanya thamani yake yote itokane na mvuto wake wa kimwili, mengine yakaachwa kando. Huyo mwenzako wa Jumamosi huenda ndiye anayekufafanulia hesabu zinazokushinda, lakini saba juu ya kumi haina nafasi ya kuandika hilo. Naye akipata habari, ataketi darasani akiwaza ni nani aliye nyuma yake na simu yake imeelekezwa wapi. Akili inayojilinda hivyo haiwezi kumsikiliza mhadhiri. Wazee wenzangu wanaosema kwamba vijana wa leo wamezidi uwazi, nadhani wamekosea mahali pa kulaumu. Ssenga wa Buganda, yaani shangazi aliyewafunda wasichana, hakuona haya kuzungumzia mwili, lakini alizungumza na mhusika mwenyewe, faraghani, kwa faida yake.

Basi acha kutuma vicheko leo hii. Usihutubie kundi zima; mtafute rafiki mmoja, mkiwa mmekaa mbali na simu, umuulize anavyoliona jambo lenyewe, kwani wawili wakishakataa, wa tatu hujitokeza kwa urahisi zaidi. Aliyepiga picha kwa siri mwambie azifute, na akikaidi, lifikishe suala hilo kwa mlezi wa wanafunzi. Makerere ina kanuni dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia tangu mwaka 2006. Uliza ofisini chuo chako kina kanuni gani. Msichana mwenyewe mwambie kabla hajasikia kwa mwingine, na usijitoe katika habari hiyo: mwambie kwamba nawe ulicheka. Huenda Jumamosi zenu zikakoma. Ana haki ya kuamua hivyo.

SWALI: Shangazi, kaka yangu husema kwamba sketi fupi bado imekatazwa na ile sheria ya 2014. Ni kweli?
Msichana wa mwaka wa kwanza, Jinja

JIBU: Si kweli, binti yangu. Sheria ya kupinga ponografia iliyotiwa saini Februari 2014 haikuitaja sketi popote, ingawa watu waliipachika jina la sheria ya sketi fupi, na baadhi ya wanawake wakavuliwa nguo barabarani na makundi ya wanaume waliojifanya watekelezaji wake, jambo ambalo hadi leo linaniuma. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilivibatilisha vifungu vyake muhimu, kikiwemo kile kilichofafanua maana ya ponografia. Ikiwa chuo chako kina kanuni ya mavazi, hilo ni suala tofauti, nawe utalipata katika kijitabu cha kanuni za wanafunzi.