Deki yangu ilikuwa na hasira haina akili: nilivyoipanga upya Clash Royale

Kipindi cha likizo dogo mmoja, mtoto wa mama mdogo, alikuja kukaa kwetu wiki mbili. Yuko fomu tatu, simu yake kioo kimepasuka mpaka saa unaisoma kwa kubahatisha, na kwenye Clash Royale, ile gemu ya simu ya kadi mnayovunjiana minara, ananiacha mbali sana kwa trofi. Nikajishusha nikampa simu yangu nikamwambia hebu niangalizie deki, yaani zile kadi nane ninazoingia nazo kwenye mechi. Akaitazama kidogo, akacheka, akasema, "kaka, hii deki ina hasira lakini haina akili."

Deki yenyewe hii hapa, cheka tu nimeshazoea: Mega Knight, Elite Barbarians, Wizard, Witch, Prince, Minion Horde, Skeleton Army na Fireball. Ukipiga wastani wa eliksa, yaani bei ya kushusha kila kadi, inakuja 5.0 kamili. Mi nilikuwa naona nimejaza majembe watupu, kumbe ni kama kocha aliyepanga mastraika tu halafu anashangaa anafungwa nne.

Shida ilipo ni hapa, na mimi nimecheza zaidi ya mwaka bila kuifikiria. Eliksa mwanzoni mwa mechi inaingia moja kila sekunde 2.8 na mwisho ni 10, haizidi. Mkononi una kadi nne kati ya nane, kwahiyo ukitumia kadi mpaka uione tena lazima utoe nyingine nne kwanza. Sasa kwenye deki yangu ya zamani kadi nne za bei rahisi kabisa zilikuwa Skeleton Army 3, Fireball 4 na mbili za 5, jumla 17, yaani karibu sekunde 48 za kusubiri kabla kadi haijarudi. Mtu mwenye ile deki maarufu ya Hog Rider yenye wastani wa 2.6 anazungusha Skeletons, Ice Spirit, Log na Ice Golem kwa eliksa 6 tu, sekunde 17 hivi Hog Rider huyo tena mlangoni. Mi nimemwaga Prince wangu kwa mbwembwe, yeye ashakuja mara mbili. Halafu pale mwanzo ukiwa na kadi nzito tupu mkononi unasubiri, unasubiri, eliksa inajaa inamwagika bure. Baada ya mechi ukifungua rekodi ya mapambano inakuonyesha kabisa eliksa iliyovuja, mi nilikuta mechi moja nimevujisha 9, hiyo ni Mega Knight wa 7 na chenji inabaki.

Basi kosa la kwanza nililofanya baada ya kuchekwa, nikaenda YouTube nikakopi hiyo hiyo 2.6 nzima nzima. Nikapigwa mechi tisa mfululizo aisee. Kwanza kadi zangu nusu zilikuwa levo za chini maana sijawahi kuzigusa, pili ile deki inataka mkono mwepesi na mi mkono wangu ni wa mtu aliyezoea kudondosha zigo moja zito na kuliangalia linavyotembea. Kadi ni nzuri, mikono siyo yangu. Kwahiyo ushauri wangu, deki ya mtu kopi ukitaka kujifunza anavyofikiria, ila usidhani ukivaa jezi yake utakimbia kama yeye.

Kilichonisaidia ni daftari. Kweli kabisa, daftari la mistari. Dogo aliniambia cheza mechi 20 na hiyo hiyo deki mbovu, ukifungwa andika kitu kimoja tu, mnara wako umevunjwa na kadi gani na wewe mkononi ulikuwa na nini. Nilipoteza 13. Sita kati ya hizo ni Hog Rider au Balloon, na kila nikisoma nilichokuwa nacho mkononi ni kadi za eliksa 5 kwenda juu na eliksa yangu iko 3. Sikuwa na jengo hata moja! Hog na Balloon zinakimbilia majengo tu, ukiweka Cannon pale katikati zinageuka kuifuata, mnara unapumua. Kwa hiyo kadi ya kwanza kuingia hata sikuhitaji kuitafuta, daftari lilishaisema.

Nikatoa Elite Barbarians nikaweka Cannon, wastani ukashuka mpaka 4.6. Nikacheza hivyo siku tatu bila kugusa kingine. Hapa ndo watu wengi tunaharibu, unabadilisha kadi nne kwa mpigo, unashinda mbili unafungwa tatu, hujui nini kimesaidia na nini kimeharibu. Moja moja. Witch akatoka akaingia Zap, maana speli, zile kadi za kurusha, nilikuwa nayo moja tu, Fireball, na kila mwenye Inferno Tower, lile jengo la moto unaozidi kukolea, alikuwa ananiyeyushia Mega Knight kama mshumaa, Zap inakata ule moto unaanza upya. Prince akampisha Hog Rider ili na mimi niwe na kitu cha kwenda kuvunja mnara cha uhakika. Minion Horde nilibishana nayo sana. Inatisha, ila ni eliksa 5 na mtu akiwa na Arrows za 3 kaimaliza yote, kila mara napata hasara ya eliksa mbili. Zikaingia Bats, eliksa 2, zikifa hailii mtu.

Wizard ndo aliniuma. Nilimpandisha levo kwa miezi, ni wa kwanza kumpenda kwenye hii gemu, na daftari linasema mechi 20 hajafanya kazi ambayo Musketeer wa 4 asingeifanya. Nilimwacha wiki nzima zaidi kwa huruma tu. Mwisho akatoka. Skeleton Army nayo ikatoka ikaingia Goblin Gang, bei ileile 3, ila Zap ya mpinzani inasafisha mifupa yote wakati goblini wa visu levo zikilingana wanabaki hai, wanamalizana na mtu.

Ukijumlisha sasa: Mega Knight 7, Hog 4, Musketeer 4, Fireball 4, Cannon 3, Goblin Gang 3, Bats 2, Zap 2. Wastani 3.6, na kadi nne za rahisi ni eliksa 10 badala ya 17. Mega Knight nimembakiza, dogo alitaka nimtoe na yeye nikakataa, kila mtu ana kadi yake ya roho na ukitoa zote zile unazozipenda gemu inakuwa kazi.

Kitu kingine, kujaribu deki mpya kwenye trofi zako ni kujitafutia hasira. Jaribu na wana wa klani, kundi lako la ndani ya gemu, mechi za kirafiki, kule levo zinasawazishwa kwahiyo ukifungwa ni deki au ni wewe, hakuna kisingizio cha jamaa kanunua levo.

Na hesabu kadi za mwenzio. Wale mliokulia kwenye karata za wahedi wasitini na wazee mnajua, mzee hakuangalii usoni anahesabu turufu ngapi zimetoka. Hapa ni hivyohivyo, kadi ni nane tu, ukishaziona zote unajua Fireball yake imetoka na hairudi mpaka atoe nne, hapo ndo unamshusha Musketeer bila woga. Mi mwanzo nilikuwa naweza kuhesabu mbili tu, nyingine zinapotea kichwani, sasa hivi nafika tano nikiwa nimetulia. Ukiwa ndani ya daladala sahau.

Bando likikaribia kuisha pia usianze mechi, hii nimejifunza kwa machozi.

Sasa hivi mechi 20 za mwisho kwenye daftari nimeshinda 12. Saba kati ya nilizofungwa hizo nane ni Lava Hound, kadi inayoruka, maana Cannon haipigi juu na Mega Knight anabaki anatembea chini huko kama mgeni aliyepotea njia. Nafikiria kumtoa Cannon nijaribu Tesla, inaongeza eliksa moja tu. Nimemtumia dogo meseji WhatsApp tangu jana, kasoma, hajajibu.