Kle ya intaneti inapogoma kwenye Linux: maswali kutoka Bukavu

Nimeweka Debian (aina ya Linux) kwenye laptopu ya zamani. Nikichomeka kle ya intaneti (kidude cha USB chenye SIM) inafunguka kama CD, modemu siioni. (Msomaji wa Bagira)

Kaka, kle yako ni nzima. Kle nyingi hujitambulisha kwanza kama CD ili Windows isome programu zilizomo, ndipo zigeuke modemu. Kwenye Linux kazi ya kuigeuza ni ya programu ya usb-modeswitch. Ili kuipakua, unganisha simu yako kwa kebo ya USB na uwashe kushiriki intaneti. Ukishaisakinisha, chomoa kle, chomeka tena, kisha andika `sudo dmesg` usome ujumbe wa mfumo. Zikitokea ttyUSB0, ttyUSB1 na nyinginezo (ndiyo milango ya modemu), modemu imeamka. Ikitokea kadi mpya ya mtandao badala yake, basi kle hiyo inajiunganisha yenyewe: omba anwani kwa DHCP (huduma inayogawa anwani za mtandao) na kazi imekwisha.

Wenzangu wanasema pppd (programu ya kuunganisha intaneti kupitia modemu) ni mambo ya enzi za simu za waya. Kwa nini nijisumbue nayo wakati kuna kitufe cha kubofya? (Mwanafunzi, Kadutu)

Kitufe ni kizuri siku kinapokubali. Kikikataa, kinakuambia "imeshindikana" na basi, nawe hujui ni mtandao, neno la siri au anwani. Ndiyo maana nasisitiza kila mwanafunzi wa informatiki aunganishe kwa mkono walau mara moja.

Kle ya 3G hujifanya modemu ya simu ya waya. Inapokea amri zilezile za modemu, zinazoanza na AT, na `ATD*99#` haimpigii mtu: ni ombi la kufungua njia ya data. Baada ya jibu la CONNECT, pppd inaongea PPP, itifaki (kanuni za mawasiliano) iliyoandikwa katika hati ya RFC 1661 mwaka 1994, na kupatana anwani ya IP.

Faili zinazohitajika ni mbili tu. Ya kwanza, `/etc/chatscripts/kle`:

```
ABORT 'NO CARRIER'
ABORT ERROR
'' ATZ
OK 'AT+CGDCONT=1,"IP","APN-YAKO"'
OK ATD*99#
CONNECT ''
```

Ya pili, `/etc/ppp/peers/kle`:

```
/dev/ttyUSB0
460800
connect "/usr/sbin/chat -v -f /etc/chatscripts/kle"
noauth
noipdefault
defaultroute
usepeerdns
```

APN (jina la lango la intaneti la kampuni ya simu) uliza kampuni yako. Usiiondoe `noauth`: bila hiyo pppd inaweza kuudai upande wa pili ujithibitishe, nao hautafanya hivyo. Simamisha ModemManager, programu inayosimamia modemu yenyewe, kwa `sudo systemctl stop ModemManager` isije ikashikilia mlango uleule, kisha andika `sudo pon kle`. Kwenye dirisha la pili acha `sudo journalctl -f` ikiendelea. Humo utaona kila amri iliyotumwa na kila jibu lililorudi. Mstari ulipokwamia ndipo penye tatizo.

Asubuhi kle inashika vizuri. Jioni nikikaa chumba cha upande wa ziwa inaleta NO CARRIER (hakuna muunganiko), na mega (MB za intaneti) bado zipo. Ninunue nyingine? (Mama mwenye duka la fotokopi, Nguba)

Hapana mama, tunza pesa yako. Nguba inatazamana na Rwanda, na mnara wa ng'ambo unaweza kusikika kwa nguvu kuliko wa kwetu. Modemu iliyoachwa ijichagulie inaweza kwenda kuubishia hodi, na SIM isiyo na ruhusa ya kutumia mtandao wa nje inakataliwa.

Hakikisha kwanza. Fungua mlango wa modemu kwa `sudo screen /dev/ttyUSB2 115200`. Kama hajibu mtu hapo, jaribu milango mingine. Andika `AT+CREG?` na utazame tarakimu ya pili ya jibu: 1 ni nyumbani, 5 ni mtandao wa wageni, 3 umekataliwa. Kisha `AT+COPS=3,2`, ili mtandao utajwe kwa namba, halafu `AT+COPS?`. Namba ikianza na 630 uko Kongo. Ikianza na 635 umeshikwa na Rwanda. Ifunge kwenye mtandao wako kwa `AT+COPS=1,2,"namba"`, ukiweka namba kamili uliyoiona asubuhi mambo yakiwa sawa. Hata kama SIM yako inaruhusiwa kuvuka, fanya hivyo, maana mega za ng'ambo zina bei yake.

Imeunganika, ppp0 (kiungo kilichofunguliwa na pppd) ina anwani, ila kurasa hazifunguki. (Msomaji wa Ibanda)

Andika `ping 8.8.8.8`. Ikijibu, kasoro ni DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani): tazama `/etc/resolv.conf`. Isipojibu, tazama `ip route`. Mara nyingi utakuta njia ya zamani ya Wi-Fi imebaki, na pppd haiiondoi bila kuagizwa. Zima Wi-Fi, uunganishe upya.

Nina modemu mbili za zamani za laini ya waya, za kuchomeka kwenye mlango wa siriali. Zinaweza kunisaidia darasani? (Mwalimu, Kadutu)

Kwa intaneti, hapana: zinahitaji laini ya waya iliyo hai na mtoa huduma wa kupokea simu upande wa pili, na kasi ya juu kabisa ni kilobiti 56 kwa sekunde. Kwa kufundishia PPP, mwalimu, huzihitaji hata hizo. Tafuta kompyuta mbili zenye mlango wa siriali na kebo ya null-modem, inayounganisha kompyuta mbili moja kwa moja. Kwenye ya kwanza andika `sudo pppd /dev/ttyS0 115200 10.0.0.1:10.0.0.2 local noauth nodetach debug`. Kwenye ya pili amri hiyohiyo bila anwani. Wanafunzi watayasoma mazungumzo yote ya PPP kwenye skrini, bila kutumia mega hata moja.