Nilikuwa nimeshazaa wawili, chango halikuisha

Siku ile pale Mwaloni, Kirumba, nilikunjana kwa maumivu ya hedhi juu ya gunia la dagaa huku mteja akiuliza bei kwa mara ya tatu. Shangazi aliyekuwa akipepeta pembeni akasema yale niliyoyasikia tangu darasa la saba: "Mwanangu, hilo ni chango. Ukizaa litaisha." Nilikuwa nimeshazaa wawili.

Zahanati moja ilinitibu UTI mara nne. Miaka tisa ikapita hivyo, mpaka daktari wa wanawake alipopitisha kamera kwenye tundu dogo la kitovu akaona endometriosisi: tishu zinazofanana na za ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, zimeota nje yake.

Nikamuuliza nimekosea wapi. Kubeba magunia? Sindano za uzazi wa mpango? Akacheka kidogo. Akaniambia daktari John Sampson wa Marekani, miaka ya 1920, alisema damu ya hedhi hurudi nyuma kwenye mirija ya uzazi na kupanda mbegu za tishu hizo tumboni. Lakini damu hurudi hivyo kwa wanawake wengi sana, na wanaougua ni kama 1 kati ya 10. Wengine wanadai mambo huanza tukiwa tumboni mwa mama: mfuko wa uzazi unapoumbwa, chembe chache huachwa njiani, zikalala hadi homoni za kuvunja ungo zizistue. Mwaka 2009 watafiti wa Italia waliripoti tishu za aina hiyo kwa vijusi 4 vya kike kati ya 36. Haijathibitishwa kuwa ndicho chanzo, na huenda njia ni zaidi ya moja. Mimi naegemea huko tumboni mwa mama. Nakiri, labda kwa sababu kunanitua mzigo.

Basi dada, acha kujilaumu, ila usikae kimya. Ultrasaundi ikitoka safi haimaanishi huna. Maumivu ya tendo la ndoa au ya kwenda haja kubwa siku za hedhi, yataje hata kama unaona aibu. Una binti au mdogo wako? Mwulize, maana hutembea kwenye ukoo.

Na andika tarehe. Mimi nilikuwa naweka msalaba kwenye daftari la mauzo kila siku niliyofunga mapema. Nililipeleka vilevile. Daktari akalifungua, harufu ya dagaa ikajaa chumba kizima, akasoma misalaba yote ya miaka miwili bila kuinua kichwa.