Wasikutishe: kupangiwa mbwa si kutupwa

Siku chache baada ya kesi yetu ya wizi wa kahawa kumalizika, kijana mmoja anayesubiri kuingia depo, yaani mafunzo ya awali ya polisi, hapa Moshi ameniandikia: "Kaka afande, nasikia ukipangiwa mbwa ndiyo umeshatupwa. Ni kweli?" Nimemjibu kwa kifupi, lakini wengi mnaoniandikia mna ndoto hiyohiyo ya kukamata wahalifu, na hofu hiyohiyo. Basi acha niseme yote.

Si kweli. Na najua maneno hayo yanatoka wapi, maana mimi niliyasikia kabla yenu. Nilipotoka Shule ya Polisi na kupelekwa Kikosi cha Mbwa na Farasi, mwenzangu tuliyelala bweni moja alinipigia simu kunipa pole. Pole, kana kwamba nimefiwa! Nyumbani nako shangazi akauliza kama nilisomeshwa hadi kidato cha sita ili nikampikie mbwa. Sikumjibu, ni mkubwa wangu. Lakini yale maneno hayajanitoka moyoni mpaka leo.

Na kupika nilipika kweli. Alfajiri nafagia banda, naosha bakuli, nachana manyoya, natafuta kupe masikioni na katikati ya vidole. Habari za kozi yenyewe sitazieleza, ni kurudia jambo moja mpaka lichoshe. Ila ni katika kufagia na kuchana huko ndipo nilipomjua Sheba, mbwa jike wa aina ya Malinois mwenye uso mweusi. Nilijua anavyohema akichoka, anavyohema akiwa na hofu, na anavyohema akiwa amepata kitu. Mbwa asiyekujua bandani hatakusikiliza porini.

Sasa kahawa. Ghala la chama kimoja cha msingi cha ushirika upande wa Kibosho lilivunjwa usiku, magunia ya kahawa kavu yakaondoka. Tulifika jua halijapanda, na hilo lilitusaidia sana: asubuhi ya mlimani ardhi ina umande na baridi, harufu inakaa chini. Jua la saa nne likishapiga, harufu nayo inaanza kupotea. Jingine lililotusaidia ni mwenyekiti wa kitongoji. Yowe lilipopigwa, mzee yule alisimama mlangoni na fimbo yake, akakataza mtu yeyote kukanyaga pale. Bila yeye ningekuta nyayo za kijiji kizima.

Nikamvalisha Sheba mkanda wa kifuani, nikafunga kamba ndefu, nikamwonyesha dirisha lililong'olewa. Akashusha pua. Tukapita migombani, chini ya mibuni, mpaka kwenye mfereji. Hapo akakwama. Akazunguka, akainua kichwa, akanitazama.

Mkaguzi aliyekuwa nyuma yangu aliona njia pana inayoshuka barabarani, akataka tuifuate, kwa kuwa gari lingeweza kusimama pale. Kwa akili ya kibinadamu alikuwa na hoja. Nikamwambia, "Afande, naomba tumpe nafasi." Nikalegeza kamba. Sheba akavuka maji, akashuka na ukingo wa pili polepole, pua chini. Halafu mkia ukakaza. Kuhema kwa mdomo wazi kukakatika, akafunga mdomo, akawa anavuta hewa puani kwa haraka haraka hata mimi naisikia. Kamba ikanyooka mkononi mwangu. Wezi walikuwa wametembea ndani ya maji, kisha wakatokea kwenye shamba la jirani. Alitufikisha kwenye banda la ng'ombe. Ng'ombe anatafuna majani ya migomba, na chini ya rundo la majani hayohayo kuna magunia yenye alama ya chama.

Yule mkaguzi alinishika bega, hakusema kitu. Nilijisikia vizuri, siwezi kuficha.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: usimwongoze mbwa, mfuate. Mbwa ana vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 100, wewe una milioni chache tu. Wewe unajua usiku ule nani alipita wapi? Pua ni yake. Kazi yako ni kumsoma, na kunyamaza.

Wapo wanaodhani mbwa akishamsogelea mtu, kesi imekwisha. Haiendi hivyo. Katika kesi ya Omondi ya Kenya, mwaka 1967, mahakama ilionya kwamba ushahidi wa mbwa upokelewe kwa tahadhari, na ielezwe amefunzwaje na utendaji wake umekuwaje. Kwa hiyo weka daftari. Andika kila zoezi, hali ya hewa, siku alizopata na siku alizokosa. Andika hata kama umechoka. Sheba alitufikisha tu. Kilichosimama mahakamani ni magunia na alama zake.

Na heshimu watu. Ukiingia kupekua nyumba ya Waislamu, na Moshi mjini ziko nyingi, kumbuka mate ya mbwa ni najisi kwao. Piga hodi. "Shikamoo mama, nimekuja na mbwa, naomba mswala na vyombo viondolewe kwanza." Nimemwona mama aliyetupokea kwa hasira akawa ndiye anayetuonyesha uchochoro kijana alikokimbilia.

Mheshimu na mbwa pia. Ukishuka Arusha Chini kwenye mashamba ya miwa mchana, joto lile linaweza kumuua. Akianza kuyumba au ulimi kuning'inia sana, simamisha kazi, kivuli na maji kwanza, hata kama mkubwa wako anangoja majibu.

Vijana wenzangu, mnapenda kuonekana. Mnataka bastola kiunoni na picha ya kutuma nyumbani, lakini kufagia banda hamtaki. Mtu asiyeweza kumhudumia kiumbe kisichosema atamhudumiaje mama aliyeibiwa ng'ombe wake wa pekee? Kubali kazi ndogo. Fagia, chana, andika daftari. Wanaokucheka leo watakupigia simu siku wakivunjiwa kwao. Mimi nimeshapigiwa, na nilikwenda.

Kwako mdogo wangu unayengoja depo: ukiulizwa, sema wazi kwamba mbwa unawataka. Anza sasa na mbwa wa nyumbani kwenu, mzoee, mpeleke akachanjwe kichaa cha mbwa.

Na wewe usiye askari, ukiamka umevunjiwa, usifagie wala usiingie kuhesabu vilivyopotea. Wazuie majirani nje ya ua, piga 112, na tukifika tutajie kila mtu aliyepita pale kabla yetu.