Maswali ya wasomaji: Nimepewa vipindi chuoni, hela yake inalipa kweli?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 29, niko Morogoro, nina digrii ya uhasibu na nimeajiriwa kwenye duka kubwa la pembejeo. Mshahara unakuja ila unaishia kwenye kodi ya nyumba na ada ya mdogo wangu. Sasa chuo kimoja binafsi wamenipigia simu nikafundishe patitaimu, moduli mbili (masomo mawili) za NTA ngazi ya 5, ile iliyo hatua moja chini ya diploma, kila moja saa 4 kwa wiki, jioni na Jumamosi, wanatoa 10,000 kwa saa. Nimepiga hesabu ya wiki 15 nikaona ni 1,200,000. Kufundisha nakupenda, hata chuoni diskasheni zote nilikuwa naongoza mimi. Ila rafiki yangu ananiambia nitakuja kuzungushwa kwenye malipo. Nikubali?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kubali, ila usikubali leo, kwanza tukae na hiyo hesabu yako maana umehesabu saa za kusimama darasani tu na hizo ni sehemu ndogo ya kazi yote.

Muhula wa kwanza kila saa moja ya darasani itakula kama saa mbili za kuandaa, mimi ilinila hivyo, na sio kwamba nilikuwa sijui somo. Kujua kufunga hesabu za duka ni kitu kimoja, kumweleza mtu aliyeikimbia hesabu tangu form two kwa nini sapensi akaunti, ile ya kushikilia kwa muda tofauti ambayo chanzo chake hakijajulikana, ipo na baadaye inapotea wapi ni kitu kingine kabisa, unatafuta mifano, unaandika noti, unatunga maswali na majibu yake. Saa 120 za darasani zinazaa 240 za maandalizi. Bado kusahihisha, tuseme kila moduli ina wanafunzi 60, test mbili na mtihani wa mwisho, hapo una karatasi 360, ukitumia dakika 10 kwa karatasi ni saa 60. Jumla umefika saa 420. Gawa sasa hiyo 1,200,000 yako, inakuja kama 2,850 kwa saa na hujapanda bodaboda.

Usikate tamaa lakini, maana hela ya patitaimu iko kwenye kurudia. Moduli ileile ikirudi mwakani noti unazo, maswali unayo, unajua darasa linakwama wapi, maandalizi yanashuka hata kufika saa 60 kwa muhula mzima, basi jumla inakuwa saa 240 na kila saa yako inakulipa 5,000, karibu mara mbili. Kwa hiyo jambo la kuwaomba ofisi ya taaluma mapema, hata kabla ya kubishana kwenye hiyo 10,000, ni wakuachie moduli hizohizo. Ninawajua walimu wazuri sana waliochoka kwa sababu kila muhula wanahamishwa, leo kosti akauntingi, kesho ujasiriamali, keshokutwa kompyuta, wanaanza moja kila siku.

Na vipindi waombe viwekwe siku mbili tu. Ukienda mara nne kwa wiki na nauli ni 4,000 kwenda na kurudi, muhula unakutoa 240,000. Siku mbili ni 120,000. Hilo mratibu wa ratiba anaweza kulifanya bila kumuuliza mtu yeyote, ukimwambia kabla ratiba haijabandikwa.

Ulizia pia watakukata kodi ya aina gani. Wakikuhesabu kama mtoa huduma kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hela haijakufikia, ni asilimia 5, yaani 60,000 kwenye hela yako yote. Wakikuingiza kama mwajiriwa ambaye hii ni ajira yake ya pili, makato ni asilimia 30, yaani 360,000. Tofauti ya laki tatu hiyo, na wengi wanaijua siku ya kupokea. TIN, namba yako ya mlipakodi, iwe tayari, na wakikukata dai cheti cha kodi ya zuio.

Sasa kwenye kuzungushwa. Rafiki yako hajakudanganya, lakini ukijua hela ya chuo binafsi inatoka wapi utajua uombe nini. Inatoka kwenye ada, na ada inaingia kwa mafungu, kidogo siku za usajili, halafu nyingi wiki za karibu na mtihani kwa sababu asiyemaliza ada hafanyi mtihani. Katikati hapo chuo kinakuwa kikavu, kinalipa kwanza walioajiriwa, patitaimu anaambiwa "njoo wiki ijayo mwalimu". Kwa hiyo usikubali kulipwa mwisho mkupuo mmoja. Omba nusu baada ya test ya kwanza na nusu wiki unayokabidhi matokeo, iandikwe kwenye mkataba pamoja na idadi ya saa, bei ya saa, nani anadurufu mitihani, na kama kutunga na kusahihisha kunalipwa peke yake au kumo humohumo. Vyuo vingine vinalipa kusahihisha kwa kila karatasi, usipouliza hakuna atakayekukumbusha.

Kingine, saini daftari la vipindi kila ukifundisha na ulipige picha hapohapo. Mimi mwaka wangu wa pili nilikuwa na saa 96 kichwani, ofisi ikasema inaziona 74, daftari lilibaki kwa mhasibu ambaye alishaacha kazi. Saa 22 zilipotea hivihivi na mpaka leo zinaniuma. Tangu hapo kila mwisho wa wiki natuma saa zangu kwa ujumbe kwa mratibu na yeye anajibu "nimeona".

Ila nakuomba, hata wakichelewa vipi usishike koswaki za wanafunzi, yaani alama za test na kazi za muhula. Najua wengine wanafanya hivyo na najua kwa nini. Lakini kwenye vyuo vingi koswaki ni alama 40 kati ya 100, ukizikalia anayeumia ni binti ambaye mama yake ameuza mpunga mzima alipe ada, mkuu wa chuo wala hakosi usingizi. Kabidhi alama kwa barua, chukua nakala iliyogongwa muhuri, halafu dai hela yako na hiyo barua mkononi.

Kabla ya kusaini hakikisha chuo chenyewe kimesajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na kozi unayofundisha imo, na wewe mwenyewe anza taratibu za kusajiliwa kama mwalimu wa chuo maana wakaguzi wakija wanataka majina. Bosi wako wa pembejeo mwambie, akupe ruhusa kwa maandishi, asije akasikia kwa wateja.

Swali: Mwalimu habari, nina masta na nimekuwa nikisaidia watu kozi za takwimu. Siku hizi wanafunzi wa mwaka wa tatu wananifuata niwaandikie risechi nzima, mmoja laki tatu. Sijaajiriwa na nina mtoto. Ni vibaya sana? – Mama Junia, Dodoma

Jibu: Salama Mama Junia. Ni vibaya, usifanye, na sikuambii hivyo kwa sababu sijui njaa. Ikigundulika mwanafunzi anaweza kufukuzwa chuo na jina lako linazunguka kwa wahadhiri walewale ambao kesho ungewaomba vipindi.

Ila unacho cha kuuza bila kujificha. Wengi wanaokuja kwako wamekwama sehemu mbili, kwesheneya na kuchambua data. Kusanya watano, Jumamosi nne, saa tatu kila moja, waje na laptop na data zao wenyewe, uwafundishe kuziingiza kwenye SPSS, programu ya kuchambua takwimu, kusoma majedwali na kuandika sura ya nne, ile ya matokeo, kwa mkono wao. Kila mmoja 60,000, hiyo ni laki tatu ileile, kwa saa 12, na hakuna kazi ya kukesha usiku mtoto analia. Kurekebisha lugha na kupanga marejeo nako lipisha kwa ukurasa, mwanafunzi amtaarifu msimamizi wake. Bango lako dogo bandika kwenye stesheneri za karibu na chuo, ndipo wanapoenda kuprinti wakiwa wamechanganyikiwa, na muda wa kulibandika ni wiki wanayorudi kutoka fieldi.