Jibu kuhusu bendera ya ushirika isiyotambulika uwanjani

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba bendera ya ushirika wenu ina mlima, tawi la kahawa, jembe, jina kamili na kaulimbiu, kwamba ilipendeza kwenye karatasi, lakini uwanjani hakuna aliyeitambua. Nimeshona bendera hapa Moshi kwa miaka mingi, nami naamini fundi wenu hana kosa. Bendera hutazamwa kwa mbali, ikipepea, na kwa pande zote mbili, ilhali yenu iliamuliwa mezani.

Maneno yakichapwa kwenye kitambaa kimoja, upande wa pili husomeka kinyume. Mkishona vitambaa viwili mgongo kwa mgongo ili kuepuka hilo, bendera huwa nzito na upepo mdogo hauiinui. Niliwahi kuishonea shule moja bendera ya namna hiyo, na siku ya mahafali ikalala kwenye mlingoti tangu asubuhi hadi jioni. Iliniuma, kwa sababu herufi zile nilizitarizi kwa mkono.

Itazameni Bendera ya Taifa. Mistari miwili ya manjano huelezwa kuwa ni ishara ya madini, nayo ni kweli, lakini jichoni ina kazi nyingine kubwa: nyeusi ikigusana na buluu au kijani bila kitu kati yake, kwa mbali rangi hizo huwa giza moja. Kenya wametumia nyeupe kwa kazi hiyohiyo. Bendera ya Tanganyika, ambayo Alexander Nyirenda aliisimika kileleni Kilimanjaro mwaka 1961, tayari ilikuwa na manjano hiyo, na tena haikuwa na juu wala chini, sifa ambayo mimi naithamini sana. Ya mwaka 1964, iliyopokea buluu ya Zanzibar na kulazwa mshazari, humsumbua fundi, kwa kuwa kitambaa kilichokatwa hanamu huvutika chini ya sindano. Na anayeipandisha kwa haraka anaweza kuiweka buluu juu.

Kwa hiyo ondoeni jina, kaulimbiu na jembe. Mlima ubaki, uwe umbo moja jeupe juu ya kijani kilichokolea, tena uwekwe karibu na mlingoti, maana ncha inayopepea ndiyo huchanika kwanza, na kila mkiikata na kuipinda upya bendera hufupika upande huo.