Bibi aliyeandikwa "mwingine"

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu, mara mbili nikichambua maharage na mara ya tatu nikiwa nimetulia kitini kama mtu mzima. Umesema chuo kinataka mada ya utafiti ndani ya wiki mbili, na hujui uchague wazee au watoto. Halafu ukaongeza, kwa ile sauti yako ya chini: "Na wewe mama, ulipoacha wodi ukaenda kwenye utafiti, ulipata nini?" Nimeona nikuandikie, maana kwa simu utanikatiza.

Nianze na hilo la pili, ndilo lenye mwiba.

Pesa sikupata. Umekulia kwenye nyumba iliyochukua miaka 11 kuezekwa, kwa hiyo hapo sina la kukudanganya. Nililipwa mshahara wa muuguzi na posho za vijijini, na posho zilikuwepo mradi ukiwepo. Mfadhili akiondoka, gari linarudishwa, na wewe unarudi zamu ya usiku kana kwamba hukuwahi kwenda popote. Kuna utafiti mmoja niliukusanyia takwimu kwa miezi 10. Dodoso lililetwa kwa Kiingereza, nikalitafsiri, nikakaa na wahojaji tukabishana juu ya kila neno ambalo kwa Kihaya lingemtukana mzee. Ulipochapishwa jaridani, jina langu nililikuta kwenye shukrani, tena limekosewa herufi. Nikauliza. Nikajibiwa kwamba wauguzi huwa "wanasaidia" utafiti. Kwa hiyo kabla hujapanda pikipiki kwenda kijijini, mambo ya majina yaandikwe kwenye karatasi na kila mtu atie saini. Usione haya. Mimi niliona haya.

Sasa nilichopata. Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo, unisamehe.

Mwaka 1973 nilikuwa darasa la nne. Babu yako alikuwa na redio, kwa hiyo kikundi cha Mtu ni Afya, ile kampeni ya afya ya nchi nzima, kilikutana uani kwetu, wiki 12 mfululizo. Watu wanasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, kiongozi wa kikundi anasoma kijitabu, wanajadili, kisha wanakubaliana la kufanya kabla ya wiki ijayo. Wiki ya choo, babu yako alichimba choo. Kesho yake jirani naye akachimba, hakutaka kuachwa. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2. Ndiyo maana miaka ya baadaye, mwalimu aliposimama mbele yetu akasema dhana ya kuwapa watu uwezo juu ya afya yao ilitoka kwenye mikutano ya kimataifa ya afya, Alma-Ata mwaka 1978 na Ottawa mwaka 1986, nilicheka mpaka nikaulizwa kulikoni. Alikuwa sahihi kuhusu maazimio, na ukayasome vizuri. Ila mimi picha ninayoiona ni babu yako na jembe lake.

Nilipomaliza uuguzi nikapangiwa Bukoba, na UKIMWI ulishafika. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa huku kwetu Kagera mwaka 1983. Watu waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Wodini nilifunga macho ya vijana wa rika langu. Sitaandika mengi juu ya hilo. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004, na wewe hesabu mwenyewe ni miaka mingapi hapo katikati.

Mwaka 1992 nikaazimwa kwenda kwenye uchunguzi wa lishe ya watoto, vijiji vya Muleba. Kazi yangu ilikuwa mizani ya kuning'iniza, utepe wa mkono na dodoso. Kwenye kibanja kimoja nikamkuta bibi na wajukuu wanne. Mtoto wa mwisho utepe ulisoma nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Nikaendelea na maswali: mtoto jana alikula mara ngapi, alikula nini, maji mnachota wapi. Nikafika kwenye mlezi. Visanduku viwili tu: "mama" na "mwingine". Nikatia alama kwenye "mwingine", nikamshukuru, nikaanza kufunga mizani.

Bibi akaniuliza, "Mimi hunipimi?"

Nikamwambia utafiti huu ni wa watoto. Akatazama mizani, akasema, "Na nikianguka mimi, hao utawapimia wapi?"

Kesho yake niliazima mashine ya presha zahanati nikarudi. Ilisoma 210 kwa 120, juu mno. Alikuwa na vidonge alivyopewa siku za nyuma, amevifunga kwenye kipande cha kanga, anameza kimoja kichwa kikimuuma tu, ili visiishe upesi. Na nyama au maharage vikipatikana, yeye anakula supu, vipande ni vya watoto. Usiku nikapanga madodoso yangu kwa mafungu mawili. Kwenye kitongoji kile fungu la "mwingine" lilikuwa refu karibu sawa na la "mama", na hakuna aliyekuwa na mpango wa kulisoma.

Basi hicho ndicho nilichopata, mwanangu. Nilipata swali, nikaishi nalo miaka 30, na wodini nisingelipata kwa sababu wodini mtu huletwa peke yake, amekwisha tenganishwa na nyumba yake.

Ukinielewa hapo, utaona kwa nini "wazee au watoto" inanikera. Chuo kimeyatoa wapi mafungu hayo? Kwenye mafungu ya wafadhili. Nyumbani hakuna mafungu.

Chukua moshi. Kanda ya Ziwa tumezika vikongwe waliouawa kwa kuitwa wachawi, na moja ya "dalili" ilikuwa macho mekundu. Yale macho ni ya moshi, ya mtu aliyepikia kuni na samadi kwenye jiko lisilo na dirisha kwa miaka 50. Sasa nani amekaa kwenye mapaja yake wakati anapika? Mjukuu. Moshi ule ule ndio unaomwongezea mtoto hatari ya nimonia. Jiko ni moja. Lakini nimehudhuria mikutano ya nimonia ya watoto ambapo neno bibi halikutajwa, na mikutano ya wazee ambapo neno mtoto halikutajwa, wiki moja, hoteli moja.

Au chukua unyonyeshaji. Tulifundisha akina mama siku tatu: maziwa ya mama pekee, miezi 6, hata maji hapana. Tukarudi baada ya muda tukakuta watoto wa miezi minne wanapewa uji. Wenzangu wakasema bibi wakorofi, mila potofu, yale maneno yetu. Nikaomba tuwaite bibi wenyewe. Mmoja akasimama, akanionyesha kidole: "Nilipomleta mama yake huyu kliniki, nesi aliniambia nianze uji miezi minne. Nilitii. Leo mnaniita mjinga kwa kutii?" Na alikuwa na haki. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani zamani ulikuwa miezi minne hadi 6, ukabadilishwa kuwa 6 mwaka 2001. Tuliobadilika ni sisi, hatukurudi kumwambia. Nilimwomba radhi mbele ya watu, na yeye ndiye aliyekwenda kuwaeleza wenzake. Sina semina nyingine iliyofanikiwa kama ile.

Usifikiri nakuambia tumeshinda. Udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao, nchini ulikuwa asilimia 42 mwaka 2010, ukawa 34, na mwaka 2022 ukafika 30. Ni hatua. Lakini Iringa, ambako kuanzia 1983 vijiji vilikuwa vinapima watoto wao na kujadili matokeo hadharani, mpaka dunia ikaja kujifunza, mwaka 2022 zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Iringa, penye mahindi! Nenda kaulize mama akishinda shambani, mtoto anashinda na nani, na huyo anayeshinda naye ana nguvu ya kupika mara ngapi. Mimi ningeanzia hapo.

Ushauri wa vitendo sasa, maana najua unasoma haraka.

Fedha ziko kwa watoto. Ingia kwa mlango huo, sioni aibu kukuambia. Ila andiko lako liwe juu ya wajukuu wanaolelewa na wazee, na mzee apimwe kama mtoto anavyopimwa: presha, uzito, macho, amekula nini jana. Iombee kibali yote pamoja. Usichomeke maswali pembeni bila kibali kama nilivyofanya mimi mara moja. Yale majibu sikuweza kuyatumia popote, na nilikuwa nimewasumbua watu bure.

Umri utakusumbua. Wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Usiulize "una miaka mingapi", uliza uhuru ulipokuja mwaka 1961 alikuwa na mtoto mgongoni au bado anacheza, na vita vya Amin vilimkuta na wajukuu au la. Andaa kalenda ya matukio ya eneo lile kabla ya kwenda. Kalenda zangu zilisaidia wazee kadhaa kwa mtendaji wa kijiji pia, maana Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaanzia miaka 60, na bila kuthibitisha umri dirisha la wazee pale hospitali ni dirisha tu.

Na kasome kazi ya Hai, Kilimanjaro, juu ya maradhi ya usahaulifu. Walipima wazee karibu 1,200 wa miaka 70 na zaidi katika vijiji 6, wakakuta takriban 6 kati ya 100 wanayo, watu ambao majirani walisema "ni uzee tu". Kipimo kilichotengenezwa baadaye ndicho kilichonifurahisha: badala ya kumpa karatasi na kalamu bibi ambaye hajawahi kushika kalamu, anapewa njiti nne za kiberiti aige umbo. Mtu aliyefikiria njiti za kiberiti alikuwa amewahi kukaa chini na bibi.

Madodoso ya 1992 yenyewe sinayo, yalibaki kwa wenyewe. Ila daftari langu la vijijini nimelitoa kabatini. Lina madoa ya mvua, nalo ni lako ukija Desemba. Ukipita famasi hapo Dar niletee dawa yangu ya presha, huku vimebaki vidonge tisa. Na usiniulize tena kwenye simu: nameza kila siku, hata kichwa kisipouma.

Mama yako